Ziba jicho moja kwanza: mwongozo wa macho ya mtoto tangu kuzaliwa hadi darasa la kwanza

Mtoto haji kukuambia, "Mama, jicho langu la kushoto halioni." Hajui. Amekuwa nalo hivyo siku zote, anadhani kila mtu anaona kama yeye. Na jicho la pili likiwa zima, anakimbia uani, anaokota punje ya mchele sakafuni, anamtambua baba yake akiwa bado getini. Nyumba nzima iko tayari kuapa kwamba mtoto anaona vizuri. Ni kweli anaona, ila kwa jicho moja.

Mimi ni muuguzi wa macho katika hospitali ya mkoa. Wazazi wanaoniuma zaidi ni wale wasiopuuza lolote: chanjo zote zipo kwenye kadi, mtoto kalishwa vizuri, nguo safi. Wamekuja na mtoto wa miaka 9 kwa sababu mwalimu kaandika barua. Naziba jicho la kulia kwa kiganja, mtoto anaanza kusogeza kichwa huku na huku akilitafuta bango la herufi. Mama anashika mdomo. "Nesi, hili limeanza lini?" Mara nyingi limeanza kabla hajajua kutembea.

Kuona ni jambo la kujifunza. Jicho linapeleka picha, na ubongo ndio unaojifunza kuisoma. Mafunzo hayo hufanyika utotoni, sehemu kubwa kabla ya miaka 7. Jicho moja likipeleka picha yenye ukungu, kwa sababu yoyote ile, ubongo unalisusa na kulisikiliza lile jingine. Kitaalamu huitwa ambiliopia. Wengi tunasema jicho vivu, ingawa jina hilo linalionea jicho. Ukilikuta mtoto akiwa na miaka 3, lina nafasi kubwa ya kupona. Akiwa na 12, kazi ni ngumu na matokeo ni madogo. Ndiyo maana nataka uanze kupima nyumbani, leo, kwa kiganja chako.

Hatua ya 1: Jua mtoto wa umri wake anatakiwa kufanya nini

Mtoto mchanga anaona vizuri kiasi cha sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama. Kufikia wiki ya 6 hadi ya 8 anapaswa kukukazia macho na kukujibu kwa tabasamu. Kufikia miezi 3 anafuata kitu kinachosogea. Akifika miezi 4 bado anapita juu yako kwa macho kama hakuoni, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kabla ya miezi 4 macho yanaweza kupishana mara mojamoja, na hilo ni la kawaida. Baada ya hapo, jicho linalokimbilia puani au nje lipimwe, hata kama linafanya hivyo jioni tu akichoka. Jicho lililopinda muda wote, lisilorudi hata kidogo, lipimwe mapema zaidi bila kungoja umri wowote.

Kuna watoto ambao saa yao inaanza mapema. Mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au na uzito chini ya gramu 1500, anahitaji kupimwa retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, na daktari wa macho kama wiki 4 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mishipa ya damu ndani ya jicho inaweza kukua vibaya na kuivuta retina hadi ikabanduka. Hospitali nyingine huwapima hata walio juu ya kiwango hicho, kwa hiyo kabla hujaruhusiwa kutoka wodini uliza: "Macho ya mtoto wangu yatapimwa lini, na wapi?" Fanya vivyo hivyo ikiwa kuna mtu katika ukoo aliyewahi kutolewa jicho utotoni, aliyezaliwa na mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi ya jicho), au mwenye makengeza. Mtoto mwenye ualbino naye aonwe mapema. Macho yake huwa yanachezacheza, yanaumizwa na mwanga, na uoni wake ni hafifu tangu mwanzo. Kofia pana, miwani inayomfaa na kiti cha mbele darasani humbadilishia maisha.

Hatua ya 2: Tazama mboni

Mboni ni kile kiduara cheusi katikati ya jicho. Inapaswa kuwa nyeusi, na ukipiga picha kwa mwako wa simu inang'aa rangi nyekundu au ya chungwa. Ukiona weupe, iwe kwenye picha au kwa macho yako mwenyewe mtoto anapogeuka kwenye mwanga hafifu, acha unachofanya.

Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, maana watoto nao huzaliwa nao. Unaweza pia kuwa saratani ya retina, retinoblastoma, ambayo kwa kawaida huwapata watoto wa chini ya miaka 5. Ikiwahiwa ikiwa bado ndani ya jicho, uhai wa mtoto huokolewa, na mara nyingine hata jicho lenyewe. Ikicheleweshwa inatoka nje ya jicho na kuingia kwenye ubongo. Nimeona wazazi waliokuwa na picha hiyo kwenye simu kwa mwaka mzima, wakidhani kamera ina tatizo. Wakati mwingine kamera kweli hudanganya, mtoto akiwa ametazama pembeni kidogo. Sasa fanya hivi: zima ule mpangilio wa simu unaoondoa wekundu wa macho, mtoto akutazame moja kwa moja kwenye chumba chenye mwanga hafifu, piga picha 3 au 4. Weupe ukijirudia, hata katika jicho moja, mpeleke hospitali siku hiyo au kesho yake asubuhi, na uende na picha hizo. Na hata usipojirudia, mpeleke akamulikwe wiki hiyo. Dakika 5 za kumulikwa hazimpunguzii mtu kitu.

Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito hufanyiwa upasuaji ndani ya wiki za mwanzo, na wataalamu hulenga wiki ya 6 hadi ya 10 kwa sababu ya ule ubongo unaosubiri picha. Kwa hiyo ukiambiwa "asubiri akue kwanza", omba rufaa kwa maandishi. Tunawasubirisha watu wazima mtoto wa jicho akomae, zamani zaidi kuliko sasa. Kwa mtoto, kusubiri ndiko kunakompofusha.

Dalili nyingine ni jicho kubwa. Watu husifia, "Ana macho makubwa mazuri." Lakini jicho linalozidi kukua, lenye ukungu kwenye kioo chake cha mbele, linalotoa machozi na kukimbia mwanga, linaweza kuwa na presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Hiyo nayo hutibiwa kwa upasuaji, na haraka.

Machozi peke yake, kwa mtoto mchanga ambaye jicho ni jeupe safi na mwanga haumsumbui, mara nyingi ni mfereji wa machozi ambao haujafunguka. Nawa mikono, weka kidole kwenye kona ya jicho karibu na pua, kandamiza taratibu ukiteremsha kuelekea chini, mara kadhaa kwa siku. Wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja. Ila usaha mwingi na kope zilizovimba ndani ya siku 28 za kwanza ni dharura: unaweza kuwa umetokana na kisonono wakati wa kuzaliwa, na unakula kioo cha jicho kwa siku chache. Mafuta ya tetrasaiklini yanayopakwa mara baada ya mtoto kuzaliwa ni kwa ajili ya kuzuia hili, usiyakatae.

Maziwa ya mama yabaki tumboni kwa mtoto, yasiingie machoni. Wala mkojo, wala maji ya majani, wala asali. Najua bibi anashauri kwa upendo. Mueleze kwa heshima kwamba daktari amekataza, nibebesheni mimi lawama.

Hatua ya 3: Makengeza, ya kweli na ya kudhaniwa

Watoto wengi wadogo wana pua bapa katikati ya macho na ngozi inayofunika kona ya ndani, basi macho yanaonekana yamekaribiana. Kutofautisha, kaa mbele ya mtoto umbali wa urefu wa mkono, washa tochi ndogo kwa sekunde chache, na utazame nukta ya mwanga inayoakisiwa machoni. Ikikaa mahali pamoja katika mboni zote mbili, macho yamenyooka. Ikiwa katikati ya mboni kwenye jicho moja na pembeni kwenye jingine, jicho hilo limepinda.

Makengeza ya kweli hayaponi kwa kukua. Naomba nilisisitize hili, kwa sababu kuna wanaoyaita urembo, na kuna wanaosema ni bahati, na miaka inapita. Jicho lililopinda linasuswa na ubongo kama nilivyoeleza, na mara chache zaidi kupinda kwenyewe ndiyo dalili ya kwanza ya ile saratani ya retina. Kila makengeza yamulikwe ndani, angalau mara moja, kabla mtu hajayapa jina la urembo.

Hatua ya 4: Ziba jicho moja

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 na nusu, mpakate, awe ameshiba na hana usingizi. Mtu mwingine akae mbele na kitu chenye rangi kali, kisichotoa sauti; ukitikisa funguo atageukia mlio na hutajua kama ameona. Ziba jicho la kulia kwa kiganja bila kulikandamiza. Anafuata? Sasa ziba la kushoto. Mtoto anayeona sawasawa kwa macho yote mawili atakubali au atakataa pande zote mbili kwa namna moja. Akitulia ukiziba jicho moja, kisha akalia, akasukuma mkono wako na kuchungulia ukiziba jingine, amekwambia kwa lugha yake kwamba umemzibia lile analolitegemea. Rudia siku nyingine kuhakikisha, kisha mpeleke.

Kwa mtoto wa miaka 3 na nusu au 4 na kuendelea, tengeneza herufi E. Hahitaji kujua kusoma. Chukua karatasi nyeupe, rula na kalamu nyeusi ya wino mzito. Chora mraba wa milimita 17 na nusu kila upande. Ndani yake E iwe na mikono 3 na nafasi 2, kila kimoja milimita 3 na nusu. Pima mita 6 kwa futi kamba ya fundi cherehani: ina sentimita 150, kwa hiyo urefu wake mara 4. Mtoto asimame huko, karatasi iwe usawa wa macho yake, pawe na mwanga wa mchana na jua lisimpige usoni.

Kwanza mfundishe mkiwa karibu. E ni meza iliyoanguka. Miguu ya meza inaelekea wapi? Aonyeshe kwa mkono: juu, chini, kulia, kushoto. Wengine wanachukua siku mbili kuuelewa mchezo, na hilo halihusiani na macho. Akishauelewa, mzibe jicho moja vizuri. Vidole huacha upenyo na watoto ni mafundi wa kuchungulia, basi tumia kitambaa kilichokunjwa au kiganja cha mtu mzima. Igeuze karatasi mara 5 kwa mpangilio asiouzoea. Mtoto wa miaka 4 apate angalau 4 kati ya 5. Kisha jicho la pili. Ukimaliza, linganisha: jicho moja likipata zote na jingine likakisia, hiyo tofauti ina uzito kuliko alama yenyewe.

Mtu wa kawaida anaweza kufanya hivi vizuri. Katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, walimu wa shule za msingi waliwapima maelfu ya wanafunzi kwa herufi hiyo hiyo E kwenye simu, kwa programu ya Peek Acuity, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Mwalimu, simu na darasa vilitosha kuwapata watoto wanaohitaji hospitali.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Mtoto ana msuli wa kulenga wenye nguvu sana ndani ya jicho, na anaweza kulazimisha E ionekane huku macho yake yakihitaji miwani ya namba kubwa. Kwa hiyo kushinda nyumbani hakufuti safari ya hospitali ikiwa anaumwa kichwa akichora, anafinya macho akitazama runinga, anainamisha kichwa upande mmoja, au anajigonga kwenye fremu ya mlango ule ule kila siku.

Uliza pia kuhusu jioni. Mtoto anayecheza vizuri mchana lakini jua likizama anatulia na kupapasa, huenda amepungukiwa vitamini A. Matone hutolewa kila miezi 6 kuanzia umri wa miezi 6 hadi miaka 5, na Tanzania kampeni zake huwa Juni na Desemba. Mchicha, maembe, papai, viazi lishe vya rangi ya chungwa, maini na mayai vyote vinasaidia. Surua hunyonya vitamini A na imepofusha watoto wengi Afrika, na rubela ikimpata mama mjamzito humzalisha mtoto mwenye mtoto wa jicho. Chanjo ya surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 inalinda macho hayo kama inavyolinda mapafu.

Hatua ya 5: Panga safari

Hata bila dalili yoyote, ningependa mtoto apimwe macho na mtaalamu kati ya miaka 3 na 4, na tena kabla ya kuanza darasa la kwanza. Ikiwa ni lazima uchague moja, chagua ya kwanza.

Anzia zahanati au kituo cha afya upate rufaa kwenda hospitali ya wilaya au mkoa yenye kitengo cha macho. Huko utakutana na mtaalamu wa optometria, anayepima uoni na miwani, na daktari wa macho. Mboni nyeupe, makengeza ya mtoto mdogo, na presha ya macho hupelekwa mbele zaidi: kwa Tanzania kuna hospitali za Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, Kenya kuna Kenyatta, kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, na Sabatia kule Vihiga. Sera ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini uliza mapema kuhusu miwani na nauli ya rufaa ili usikwame njiani.

Tahadhari moja kuhusu vibanda vya miwani. Mashine ya kupima macho kwa dakika moja inamfaa mtu mzima. Kwa mtoto, ule msuli wa kulenga unaidanganya, na anaondoka na miwani ya kutoa (ya asiyeona mbali) badala ya ya kujumlisha (ya anayetumia nguvu nyingi kuona, hasa karibu). Mtoto mdogo asipewe miwani yake ya kwanza bila kuwekewa dawa ya kulegeza msuli huo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika asubuhi, mtoto awe amekula na amelala vya kutosha. Beba kadi ya kliniki, picha za simu, miwani ya zamani kama ipo, kofia, na kitu cha kuchezea. Usipange shughuli nyingine siku hiyo.

Tutaanza na kupima uoni wa kila jicho, kwa E au kwa picha za nyumba, tufaha, duara na mraba. Tutatazama kama macho yamenyooka. Kisha matone ya kulegeza ule msuli wa kulenga na kupanua mboni. Yanawasha, kama sabuni, kwa nusu dakika hivi. Tafadhali usimwambie mtoto "hakuna kitu", mwambie, "Itawasha kidogo, tuhesabu mpaka 20, itaisha." Mtoto aliyedanganywa tone la kwanza hafungui jicho kwa la pili, na matone hurudiwa mara 2 au 3. Wala usimtishie sindano. Macho yetu meusi huchukua muda mrefu zaidi kupanuka, kwa hiyo mtakaa benchini dakika 40 au zaidi. Baada ya hapo daktari anamulika kwa mwanga unaomwonyesha namba ya miwani bila mtoto kujibu swali lolote, na anatazama retina. Hata mtoto wa mwezi mmoja anapimika hivi, kwa hiyo mtu akikuambia "hajui kusoma, mrudishe akianza shule", usikubali.

Mkitoka, mwanga utamuumiza na karibu hataona vizuri hadi kesho yake. Akiwekewa atropini, dawa ya kulegeza msuli inayodumu zaidi, hali hiyo inaweza kufika wiki moja au mbili. Kofia, na mwambie mwalimu.

Kabla hujainuka kwenye kiti uliza haya na uandike majibu: Kila jicho linaona kiasi gani? Kuna jicho vivu? Retina imetazamwa? Miwani avae kwa muda wa saa ngapi kwa siku? Turudi tarehe gani?

Hatua ya 7: Nyumbani baada ya hospitali

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea.

Miwani haiharibu macho. Namba yenye alama ya kutoa ni ya mtoto asiyeona mbali; ya kujumlisha ni ya yule anayetumia nguvu nyingi kuona, hasa karibu. Kuna makengeza yanayotokana na hiyo ya kujumlisha: mtoto akilenga kwa nguvu, jicho linakimbilia puani. Miwani inalinyoosha. Akivua, jicho linapinda tena, na hapo wazazi huja kwangu na hasira, "Hakuwa hivi, miwani imemzidishia." Haijazidisha. Ubongo umeonja raha ya macho yaliyonyooka, na tofauti sasa inaonekana. Mrudishie miwani, avae tangu anapoamka hadi anapolala. Chagua fremu ya plastiki inayokaa puani bila kuteleza, lenzi zisizovunjika kwa urahisi, na kamba nyuma ya kichwa.

Ikiwa ameandikiwa kibandiko kwa ajili ya jicho vivu, kinabandikwa kwenye jicho zima. Wazazi zaidi ya mmoja wamekaa miezi wakiziba lile bovu, na siwalaumu, inaonekana ndivyo akili inavyotuma. Lengo ni kulilazimisha lile lililosuswa lifanye kazi. Kibandiko kikae juu ya ngozi, miwani juu yake. Kikiwa juu ya kioo cha miwani, mtoto atachungulia pembeni. Usipopata vya kununua, shashi iliyokunjwa na plasta ya karatasi vinatosha. Mara nyingi huanzwa kwa muda wa saa 2 kwa siku, na kwa hali nzito hadi saa 6, lakini fuata ulichoandikiwa na usizidishe, maana jicho zima nalo likizibwa kupita kiasi linaweza kususwa. Saa hizo mpe kazi ya karibu: kupaka rangi, kutunga shanga, kuchambua mchele au maharage. Siku 3 za kwanza atalia. Hali inapungua kadiri jicho linavyoamka.

Upasuaji wa makengeza, ukihitajika, kwa kawaida huja baada ya miwani na kibandiko. Na mtoto aliyetolewa mtoto wa jicho ndiyo kwanza ameanza safari: atahitaji miwani, pengine kibandiko, na kurudi kliniki kwa miaka.

Sasa macho yanayowasha. Watoto wengi wetu, hasa kuanzia miaka 4 au 5, wana mzio wa macho: wanafikicha kutwa, macho yana rangi ya udongo pembezoni, yanatoa ute unaovutika kama uzi. Mzazi ananunua matone duka la dawa, mtoto anapata nafuu siku ya pili, basi kila yakirudi ananunua yale yale. Yakiwa na deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hizo ni steroidi, na zikitumika miezi bila kupimwa huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Nimempokea kijana wa miaka 13 aliyepoteza uoni hivyo, kwa dawa iliyonunuliwa kwa nia njema. Mkande kwa kitambaa cha maji baridi, mzuie kufikicha, na uombe dawa za mzio zisizo na steroidi. Steroidi iandikwe na daktari wa macho, kwa siku zilizohesabiwa.

Katika maeneo makavu yenye inzi wengi, kama wilaya ya Kongwa na kwingineko katikati ya Tanzania, vikope, yaani trakoma, bado ni vya kuangaliwa. Uso wa mtoto uoshwe kila siku kwa maji hata kidogo, kila mtoto na taulo lake, na dawa ya vikope inayogawiwa kwenye kampeni imezwe.

Akichomwa na kijiti, waya au jiwe, usioshe wala kukandamiza. Funika kwa kikombe cha karatasi au kitu kisichogusa jicho, nenda hospitali saa hiyo. Ikiwa ni chokaa, maji ya betri, dawa ya choo au gundi kali, kinyume chake: osha kwa maji safi mengi papo hapo kwa dakika zisizopungua 15, ndipo mwondoke.

Kuhusu simu, kinachonihangaisha zaidi ni kukaa ndani. Mjini Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa miaka 3 walipata tatizo la kutoona mbali wachache kuliko wenzao. Sisi jua tunalo bure. Muda wa saa 2 nje kila siku, chini ya mwembe panatosha, na akirudi ndani simu ikae mbali na uso wake kwa urefu wa mkono wake mwenyewe.

Tarehe ya kurudi kliniki iandike kwenye kadi ya chanjo, chini ya mstari wa surua-rubela, na nakala yake mpe anayemlea mtoto mchana. Kama ni bibi, mkalishe umwonyeshe kwa mkono ni jicho lipi linazibwa. Kama ni mwalimu wa chekechea, mpelekee vibandiko 5 kwenye bahasha kila Jumatatu.